Bwana ako Ulaya, bibi ako Rubaya: viza ya muda mfupi inakwama wapi?

Tangu tarehe 11 Juni 2024, mtu mzima anayeomba viza ya Schengen ya muda mfupi analipa euro 90. Mbele ya hapo ilikuwa euro 80. Hapa kwetu Masisi, familia zenye mtu Ulaya zilipokea ile habari kama kawaida: bei imepanda, tutafute feza. Lakini tukitazama vizuri, kwa bibi wa Rubaya mwenye bwana raia wa Ulaya, ao kwa bwana mwenye bibi wa kule, euro 90 siyo kizuizi cha kwanza. Kuna hata wale ambao sheria ya Umoja wa Ulaya inasema wasilipe kitu, na ambasade iwajibu upesi. Wale pia wanabaki hapa, mwaka kisha mwaka, wanaonana na mwenzao kwa simu tu.

Sababu gani? Tumefuata njia yote, toka biro ya etasivili hadi dirisha la ambasade, ili tuone dosiye inakwama wapi. Jibu fupi ni hili: haki imeandikwa kule Ulaya, lakini karatasi za kuionyesha zinatoka kwa serikali ambayo biro zake hazifanye tena kazi hapa kwetu, na dirisha la kuziweka liko Kinshasa.

Viza ya kutembea, siyo ya kuhama

Tuanze kwa kutofautisha mambo mawili ambayo watu wanachanganya. Viza ya muda mfupi inakupa ruhusa ya kukaa siku zisizopita 90 ndani ya kila siku 180. Inatumika katika nchi 29 za Schengen, kama Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani. Uingereza na Ireland hazimo. Ni viza ya kwenda kumuona mwenzako, kuhudhuria arusi, kuzika mtu, kubeba mtoto aliyezaliwa, kiisha kurudi.

Kuhama kabisa na kuishi na mwenzako ni dosiye ingine. Wanaiita kuunganisha familia, viza yake ni ya muda mrefu, na masharti yake ni mengine. Bibi anayeomba viza ya kutembea, kiisha anaandika kwenye barua yake kwamba anaenda kuishi na bwana, anaweza kunyimwa kwa mstari huo mmoja tu. Sasa hata kuhesabu siku kumebadilika: tangu 12 Oktoba 2025, nchi za Schengen zimeanza kuandika kwa kompyuta siku ya kuingia na ya kutoka ya kila mgeni. Mtu aliyezoea kusema "nilipitisha siku kidogo tu" ataonekana.

Mwenzako ana karatasi gani, na munaenda wapi?

Hili ndilo swali linalobadilisha kila kitu, na mara nyingi halimo katika mazungumzo ya familia. Watu wanauliza bwana ana kazi gani, nyumba yake ni kubwa namna gani, anapata feza ngapi. Ambasade, mbele ya yote, inatazama pasipoti yake ni ya nchi gani na safari inaelekea nchi gani. Kuna makundi 3.

Kundi la kwanza ni la raia wa Umoja wa Ulaya ambaye anaishi ao anasafiri katika nchi ya Umoja isiyo yake. Tuchukue mfano: bwana ana pasipoti ya Ubelgiji, lakini anafanya kazi na kuishi Lille, Ufaransa, na bibi anatoka Rubaya kwenda kumuona pale Lille. Bibi huyu analindwa na agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/38. Viza yake ni ya bure, na shurti itolewe upesi kuliko ya wengine. Anaonyesha pasipoti yake na mambo matatu: kwamba bwana ni raia wa Ulaya, kwamba wamefunga ndoa, na kwamba anamfuata ao anasafiri pamoja naye. Haombwi bima ya safari, wala barua ya kazi, wala hesabu ya banki. Na tarehe 25 Julai 2008, korti ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi inayoitwa Metock kwamba haijalishi ndoa ilifungwa wapi wala lini. Ndoa iliyofungwa kisheria hapa Masisi ina uzito sawa na ile ya Bruxelles.

Kundi la pili ni la raia wa Ulaya ambaye bibi yake anamfuata katika nchi yake mwenyewe. Bwana ni yule yule mwenye pasipoti ya Ubelgiji, lakini safari hii anaishi Liège. Hapo lile agizo kwa kawaida halimfikii, kwa sababu hajatoka katika nchi yake. Ni sheria ya Ubelgiji ndiyo inamuhusu. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo: Mfaransa anayeishi Liège anaweza kuwa na njia fupi ya kuleta bibi yake kuliko Mbelgiji jirani yake wa nyumba moja. Kuna tofauti kwa raia aliyeishi kweli na familia yake katika nchi ingine ya Umoja na sasa anarudi kwao. Lakini Wakongomani wengi waliopata pasipoti ya Ubelgiji wanabaki kuishi Ubelgiji, na kwa hiyo wanaanguka katika kundi hili la pili bila kujua.

Kundi la tatu ni la mwenzako ambaye bado ni Mkongomani, ana tu karatasi ya kuishi kule, iwe ya ukimbizi, ya kazi ao ya masomo. Hapo ni viza ya kawaida: euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12, na bure kwa mtoto wa chini ya miaka 6. Unatafuta bima ya safari inayoweza kulipa matunzo ya hospitali hadi euro 30.000, unaonyesha feza za kuishi nazo kule na sababu za kurudi. Ubelgiji ina pia karatasi ya kumbeba mgeni, ile inaitwa annexe 3bis, ambayo yule anayekupokea anaipitisha kwa komine yake. Asiichukue kama barua ya salamu tu, maana anayeitia sahihi anabaki na mzigo wa gharama zako kwa muda wa miaka 2.

Na mwenye bibi ao bwana Mwingereza? Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Pasipoti ya Uingereza haifungue tena ile njia ya bure ya kundi la kwanza.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba binamu yake alipata viza bure na kwa wiki moja, usimwite muongo, na usikimbie kufanya sawa naye. Uliza kwanza bwana yake ana pasipoti gani, na alikuwa anaishi wapi.

Dirisha liko mbali

Sheria ya viza ya Schengen, namba 810/2009, inasema mtu anaweka dosiye katika nchi anamoishi kisheria. Kwetu sisi hiyo ni Kinshasa. Na mara ya kwanza shurti ufike wewe mwenyewe, kwa sababu wanachukua alama za vidole. Kiisha hapo alama zile zinaweza kutumika tena kwa muda wa miezi 59, lakini ile safari ya kwanza hakuna wa kukufanyia.

Zamani, mtu wa Rubaya alishuka Goma, akapanda ndege, jioni yuko Kinshasa. Rubaya imekuwa chini ya M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Mwisho wa Januari 2025 vita vilifika Goma, uwanja wa ndege ukafungwa, na safari za abiria kwenda Kinshasa zikakatika. Mwezi wa pili mwaka huo, Kinshasa ikakataza ndege zilizoandikishwa Rwanda kupita juu ya Kongo. Anayetaka kufika Kinshasa anavuka mpaka Gisenyi, anaenda Kigali ao Entebbe, anapanda ndege ya kupitia Nairobi ao Addis Ababa, ndipo anashuka Kinshasa. Mkongomani anapita nchi mbili ao tatu za kigeni ili afike mji mkuu wa nchi yake. Kiisha anaanza kutafuta pa kulala wakati anangoja jibu. Muda wa kawaida wa jibu ni siku 15, na unaweza kurefushwa hadi siku 45.

Wengine wanauliza: na Kigali, karibu hapo? Ni swali la haki. Sheria inaruhusu ambasade kupokea mtu ambaye yuko kihalali katika nchi isiyo ya makao yake, kama anaeleza vizuri sababu ya kuweka dosiye pale. Mtu anayetoka eneo la vita, mwenye barabara iliyofungwa, ana sababu ya kueleza. Lakini kwa Ubelgiji, ambako Wakongomani wengi wako, mlango huo nao ulifungwa: tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilikata uhusiano na Ubelgiji na kuwapa wanadiplomasia wake saa 48 za kuondoka. Siyo mara ya kwanza siasa inafunga dirisha. Mwanzo wa mwaka 2018, ni serikali ya Kinshasa iliyoamuru kufungwa kwa Maison Schengen ya Kinshasa, wakati wa ugomvi wake na Ubelgiji. Mara zote mbili, wakubwa waligombana, na aliyebaki na dosiye mkononi ni bibi anayetafuta siku 90 na bwana yake.

Ndoa yenye mahari lakini bila akte

Tuseme sasa njia imepatikana. Dosiye inaomba nini ambacho hapa kwetu kinakosekana? Kwanza, akte ya ndoa.

Masisi ni nchi ya ng'ombe, na ndoa zetu zinajulikana. Mahari imetolewa, wazee wamekaa, mchungaji ao padri amebariki, picha na video ziko kwenye simu. Mbele ya familia, wale ni bibi na bwana, hakuna wa kubisha. Lakini kodi ya familia ya Kongo, yaani sheria namba 87-010 ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaomba ndoa ya kifamilia iandikishwe kwa afisa wa etasivili ndani ya mwezi mmoja. Baraka ya kanisa peke yake haihesabiki kwa serikali. Na ambasade haisome video ya arusi kama akte.

Wengi hawakuandikisha. Wengine waliandikisha, lakini karatasi ilibaki katika nyumba waliyoikimbia. Na hata mwenye akte bado ana kazi: shurti ihakikishwe na wizara ya mambo ya inje Kinshasa, kiisha ambasade nayo iitazame. Hapa ndipo vita vinaingia hadi ndani ya ndoa. Kinshasa haitambue viongozi waliowekwa na AFC/M23, na biro za serikali ya jimbo zilihamia Beni. Akte iliyotiwa sahihi leo na afisa wa hapa inaweza kufika Kinshasa na kukosa mtu wa kuigonga muhuri. Wanandoa hawakuchagua ni nani atawale eneo lao, lakini ni wao wanaolipa ile tofauti.

Pasipoti nayo iko hivyo hivyo. Ni Kinshasa inaitoa. Kwa viza, shurti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na kwa viza ya kawaida ibaki na nguvu angalau miezi 3 kisha siku ya kutoka Schengen. Angalia pia majina. Kwetu mtu anaweza kuwa na jina moja kwenye kadi ya mchaguzi, lingine kwenye cheti cha ubatizo, na herufi imegeuka kwenye akte. Kwa jirani yako huyo ni mtu mmoja. Kwa anayesoma dosiye, hao ni watu wawili.

Wanaokula katikati

Pale ambapo njia ni ndefu na sheria haijulikani, komisioneri hakosekane. Anauza fomu, anauza randevu, anauza "viza ya uhakika". Basi tujue: fomu ya viza ya Schengen ni ya bure. Hakuna mtu wa inje ya ambasade anayeweza kuahidi viza. Pale ambasade inapotumia kampuni ya kupokea dosiye, ile kampuni haiwezi kuomba zaidi ya nusu ya bei ya viza kwa kazi yake. Na mtu wa kundi la kwanza hapaswi kulazimishwa kupitia kampuni ya kulipa. Ana haki ya kuomba aweke dosiye moja kwa moja kwa ambasade.

Hasara kubwa si ile feza peke yake. Komisioneri akiweka hesabu ya banki ya uongo ao akte ya kupika, jina linalobaki ni lako. Kukataliwa kunaandikwa katika kompyuta moja ambayo nchi zote za Schengen zinaisoma, na kunaweza kubaki humo miaka 5. Ndoa ya kweli inaanza kutazamwa kama ndoa ya kununua.

Wakikunyima

Ambasade ikikunyima, shurti ikupe karatasi yenye sababu. Sababu inayorudi mara nyingi ni hii: hawaamini kama utarudi. Kwa mtu wa Masisi, jambo hili ni gumu, maana vita vyenyewe vinakuwa ushahidi juu yako. Korti ya Umoja wa Ulaya ilisema tarehe 19 Desemba 2013 kwamba ambasade inaweza kutazama hali ya nchi unayotoka, lakini shurti itazame pia hali yako wewe: familia, kazi, mali. Kwa hiyo weka katika dosiye vinavyokufunga hapa: karatasi ya shamba ao ya kiwanja, duka, watoto walio masomoni, kazi ya kanisa ao ya shirika.

Kwa kundi la kwanza, sheria ni kali zaidi juu ya ambasade. Mtu akishaonyesha ndoa na safari, anaweza kunyimwa tu kwa sababu ya usalama, ya afya ya watu wote, ao ya udanganyifu kama ndoa ya kununua. Kumuambia "hatuamini kama utarudi" si sababu ya kundi hilo.

Unaweza kukata rufaa. Kwa Ubelgiji ni mbele ya korti ya mambo ya wageni kule Bruxelles, ndani ya siku 30. Siku 30 zinaisha upesi wakati karatasi iko Kinshasa, avoka ako Bruxelles, na wewe uko Rubaya bila mtandao. Afazali mwenzako wa kule awe ameshazungumza na avoka mbele ya jibu kutoka.

Kinachoweza kubadilika

Kuna uamuzi mmoja ambao watu wa mashariki ya Kongo wanapaswa kuujua. Familia moja ya Syria ilikuwa imekwama katika mji wa Afrin, ndani ya vita, na bwana alikuwa mkimbizi Ubelgiji. Ubelgiji iliomba bibi na watoto wafike wenyewe kwa ambasade ili waweke ombi. Hawakuweza. Tarehe 18 Aprili 2023, korti ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba nchi haiwezi kulazimisha hivyo mtu ambaye kufika kwake hakuwezekani ao ni kugumu kupita kiasi. Ombi lipokelewe kwa njia ingine, na mtu aitwe kuonekana mwishoni, mbele ya kutoa viza.

Uamuzi ule ulikuwa juu ya kuunganisha familia, si juu ya viza ya kutembea. Hatuwezi kusema unafanya kazi moja kwa moja kwa siku 90. Lakini hoja yake ni hoja yetu. Ambasade zina haki ya kuogopa karatasi za uongo na ya kutaka kuona uso wa mtu. Hazina sababu nzuri ya kumuomba bibi wa Masisi azunguke nchi tatu ili tu aambiwe dirishani kwamba kuna karatasi moja inakosekana. Kutazama dosiye kwa mbali kwanza, kiisha kumuita mtu mara moja kwa vidole, kungepunguza mateso bila kufungulia waongo mlango. Hilo linaweza kuombwa na mashirika ya wanamuke, na baraza za makanisa, na zaidi na Wakongomani wenye kura Ubelgiji na Ufaransa. Wabunge wa kule wanasikiliza kwanza wale wanaowachagua.

Huku tukingoja, kuna kazi ya nyumbani. Mwenye akte ya zamani aifanyie kopi na kuipiga picha leo, na mwenzake aliye Ulaya abaki na picha zile. Asiye na akte aulize avoka, mbele ya kulipa mtu yeyote, ni biro gani ao tribinali gani ambayo karatasi yake itapokelewa Kinshasa. Majina yalinganishwe mbele ya kuomba pasipoti. Ombi linaweza kuwekwa kuanzia miezi 6 mbele ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 mbele yake. Kwa mtu anayetoka kwetu, ni vizuri kutumia ile miezi 6 yote.

Na kabla ya kuuza ng'ombe kwa sababu ya viza, mupigie simu yule aliye kule, mumuulize maswali mawili tu: pasipoti yake ni ya nchi gani, na anaishi katika nchi gani.